Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Tulindeni kwanza, ndipo mtuulize majina

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Kazi, Social Security House, Nairobi
Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), wenye kampuni za ndege, Uwanja wa Wilson
Mint: Marubani wasio na chama

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa rubani wa Wilson. Kwa miaka 11 nimerusha ndege ndogo kutoka uwanja huo ulio kati ya barabara ya Lang'ata na ua wa Mbuga ya Nairobi: watalii kwenda Maasai Mara, miraa kwenda Mogadishu, madaktari na magunia ya msaada kwenda Sudan Kusini. Kampuni mbili zimeniajiri. Katika zote mbili marubani hawakuwa na chama kilichotambuliwa wala mkataba wa pamoja, na si kwa sababu hatukutaka.

Wakenya wengi hawalijui hili. Wakisikia neno rubani na neno chama kwa pamoja, wanakumbuka Novemba 2022, pale marubani wa Kenya Airways walipogoma kuanzia tarehe 5 wakidai, pamoja na mengine, kurudishiwa michango ya akiba ya uzeeni iliyokuwa imesimamishwa. Maelfu ya abiria walikwama. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamuru warudi kazini, na tarehe 9 wakarudi. Nilikuwa kwenye matatu siku hizo, nikawasikia watu wakisema marubani wameshiba, wana chama chenye meno, wanaitikisa nchi wanavyotaka. Nilinyamaza. Ningewaambia nini? Kwamba kilomita chache tu kutoka uwanja mkuu wa JKIA kuna marubani wanaorusha ndege angani ileile, wenye leseni za mamlaka ileile, ambao hawawezi hata kuandika barua ya kuuliza mishahara ya mwezi uliopita wakaweka majina yao chini?

KALPA ipo. Ni chama halali cha marubani, na nguvu yake imejengwa kwa miaka mingi ndani ya shirika moja kubwa. Sheria inaturuhusu sisi pia kujiunga. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake, na hata haki ya kugoma. Kwa hiyo nikisema hatuwezi, mtu anaweza kunishangaa. Naomba nikueleze ilivyokuwa kwetu, maana maelezo ya juu juu yamekwishatolewa sana na hayajasaidia.

Miaka michache iliyopita tulikuwa marubani 14 katika kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi. Sitaitaja. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 kinamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Tulijihesabu sisi marubani, tukaona tunahitaji wanane. Jumapili moja jioni tukakutana nyumbani kwa mwenzetu South C. Mkewe alitupikia chai, akatuwekea mahamri, kisha akawapeleka watoto chumbani ili tuzungumze. Fomu S zilikuwa mezani. Hiyo ndiyo fomu ambayo mfanyakazi hutia sahihi kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake, na ndiyo ambayo kwa desturi hutumika kuonyesha kwamba chama kina wingi.

Kijana mmoja, rubani msaidizi, aliishika kalamu kwa muda mrefu bila kuandika. Baba yake alikuwa ameuza kipande cha shamba Nyandarua kumlipia mafunzo ya urubani. Juu ya hilo, kampuni ilikuwa imemfunga kwa bondi ya miaka mitatu, kwa kuwa ilimgharamia mafunzo ya kurusha aina nyingine ya ndege. Akiondoka au akiondolewa kabla ya muda huo, analipa. Aliniuliza, "Kapteni, hii karatasi inaenda wapi?"

Nilimwambia ukweli. Inaenda kwa chama, halafu inaenda kwa mwajiri.

Akatia sahihi. Mkono ulimtetemeka kwenye herufi ya mwisho, na mpaka leo nikifumba macho naiona ile herufi imekwenda upande.

Tulikuwa tisa. Chama kikapeleka karatasi kwa kampuni kama sheria inavyotaka. Siku kumi baadaye rosta ya mwezi uliofuata ikabandikwa, na majina tisa yalikuwa kwenye safu ya standibai. Kwa asiyejua kazi yetu: wengi wa Wilson hulipwa mshahara mdogo wa msingi, halafu posho kwa kila saa ya kuruka. Ukiwekwa standibai unakaa nyumbani na simu mkononi, sare imepigwa pasi, na posho haiji. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeruka saa 74. Mwezi huo niliruka 11. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna aliyeandikiwa onyo. Hapakuwa na kitu cha kushika mkononi ukakipeleka kwa wakili ukamwambia, tazama walichonifanyia.

Wiki ya tatu tukaanza kuitwa afisini mmoja mmoja. Kufikia mwisho wa mwezi kampuni ilikuwa na barua tatu za marubani waliojiondoa chamani. Nakala zilikuja kwa chama, nami nikazisoma. Zote tatu zilisema, "Najiondoa kwa hiari yangu bila kushurutiswa na mtu yeyote." Zote tatu zimeandikwa "kushurutiswa", herufi h haipo, mahali palepale kwenye mstari uleule. Watu watatu, hiari tatu, kosa moja la chapa. Mmoja wao alikuwa yule kijana wa Nyandarua. Simlaumu, na naomba asilaumiwe na mtu. Bondi yake ilikuwa na miezi 26 iliyosalia.

Tisa wakabaki sita. Mwajiri akakijibu chama kwamba hakina wingi. Na kwa hesabu ya karatasi, alikuwa amesema kweli.

Mheshimiwa, hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Najua sheria inakataza tuliyotendewa. Kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo ya 2007 kinamlinda mfanyakazi asibaguliwe kwa sababu ya chama, na Sheria ya Ajira inasema uanachama si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinakiruhusu chama kupeleka mgogoro wa kutambuliwa mahakamani kwa dharura. Milango ipo. Lakini yote hufunguka baada ya majina kufika mezani kwa mwajiri, na kwenye kampuni ya watu 14 majina yakishafika, rosta hufanya kazi haraka kuliko mahakama yoyote. Kiwandani penye wafanyakazi 900, jina moja ni tone baharini. Kwetu sisi, mwenye kampuni anatujua kwa sauti zetu redioni. Anajua nani ana mtoto chuo kikuu na nani amechukua mkopo wa gari.

Na kifungu cha 54, nimekisoma mara nyingi, kinadai wingi. Hakisemi kwamba ushahidi wa wingi huo lazima uwe orodha ya majina iliyowekwa mikononi mwa yule yule anayepanga rosta. Hiyo ni desturi tuliyoizoea, na desturi inaweza kubadilishwa na Waziri.

Wenzetu wa Marekani wana sheria kali kuliko yetu katika mambo mengi. Marubani wao wako chini ya sheria ya reli ya 1926, iliyopanuliwa ikawafikia wa ndege mwaka wa 1936. Ili kura iitishwe, lazima nusu ya marubani wote wa shirika zima watie sahihi kadi, hata wakiwa wametawanyika miji 20. Ni mlima. Na mpaka mwaka wa 2010, rubani aliyekaa nyumbani asipige kura alihesabiwa kama aliyekataa chama. Ndipo kanuni ikabadilishwa, zikawa zinahesabiwa kura zilizopigwa. Lakini jambo moja wamelishika vizuri: kadi zile zinapelekwa kwa bodi ya serikali, na bodi haimwonyeshi mwajiri nani ametia sahihi. Mwajiri anatoa orodha ya wafanyakazi wake, bodi inalinganisha, kura inapigwa kwa siri, kinachotangazwa ni hesabu.

Tazama matokeo yake. Marubani wa JetBlue walikataa kuwa na chama mara mbili kwa kura. Mwezi wa Aprili 2014 wakapiga kura tena wakakubali, wakaingia ALPA, chama ambacho marubani wa Marekani walikianzisha mwaka wa 1931. Wale wa SkyWest walipigiwa debe na ALPA, wakapiga kura, wakakataa, na kwa miaka mingi wamebaki na jumuiya yao ya ndani ya kampuni badala ya chama. Mimi ningepiga kura tofauti na yao. Hata hivyo nawaheshimu, kwa sababu waliulizwa kwa kura ya siri, wakajibu.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uione. Kuna marubani wasio na chama kwa sababu walipima wakaona hawakihitaji. Kuna wengine hawana chama kwa sababu sheria ya nchi haiwapi nafasi: katika Falme za Kiarabu, ambako vijana wetu wengi wanaota kwenda, vyama vya wafanyakazi havitambuliwi kabisa, na anayekwenda anajua hilo kabla hajapanda ndege. Halafu tuko sisi. Sheria yetu inatupa haki, Katiba inatupa haki, nasi hatuna chama. Je, tumekataa au tumeogopa? Huwezi kujua, Mheshimiwa. Huna njia ya kujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza mahali ambapo jibu letu halisikiki.

Nitasema kwa uaminifu kwamba woga wa mwajiri si sababu pekee. Wilson ni ngazi. Leseni ya kurusha ndege kibiashara unaipata ukiwa na saa kama 200 angani, na kwa saa hizo hakuna shirika kubwa litakalokutazama. Kwa hiyo kijana anakuja Wilson kutafuta saa. Atarusha usiku wa kuamkia Krismasi, atasafisha ndege mwenyewe, atakubali mshahara ambao hawezi kumtajia mama yake, ili tu daftari lake la saa lijae. Akifika saa 1,500 au 2,000 anaondoka. Mwambie achange ada ya chama kwa ajili ya mkataba utakaotiwa sahihi miaka miwili ijayo, atakuambia, "Kapteni, miaka miwili ijayo sitakuwa hapa." Ana haki. Lakini anayefuata naye husema hivyo, na anayefuata naye, ndiyo maana bondi za leo zina masharti yaleyale niliyoyakuta mwaka wangu wa kwanza.

Kuna pia hila ya vyeo. Tangu Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani wa 1962, watu wa usimamizi, wale wenye mamlaka ya kuajiri, kuadhibu na kupandisha wengine vyeo, hawahesabiwi miongoni mwa wanaowakilishwa na chama. Ni haki, huwezi kukaa pande mbili za meza. Sasa angalia kampuni yenye marubani 14: mmoja ni mkuu wa marubani, mwingine naibu wake, mwingine msimamizi wa mafunzo, mwingine wa usalama, mwingine wa viwango, na makapteni wawili ni "wasimamizi wa kituo" kule ndege zinakolala. Saba wamekwisha. Wengi wao hawawezi kumwajiri hata mlinzi wa lango. Kofia wanayo, mamlaka hawana, na uanachama umewaponyoka.

Wengine hawana hata mwajiri wa kumwona. Mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, kampuni inayolipa imesajiliwa nchi nyingine, ndege inalala Juba au Mogadishu, na rubani anaandikwa kama mshauri anayeleta ankara. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya mizigo ya Kenya iliyokuwa imebeba vifaa vya kupambana na Korona ilidunguliwa ikitaka kutua Bardale, Somalia, na watu wote sita wakafa. Sote Wilson tuliijua njia ile. Jioni ile simu yangu haikunyamaza, na swali lililokuwa likirudi ni moja: mimi yakinipata, mke wangu ataenda kwa nani? Sikuwa na jibu la kumpa mtu yeyote. Chama kingekuwa nalo, au kingelidai kabla ndege haijaondoka.

Kwako Mkurugenzi Mkuu wa KCAA. Utasema mambo ya mishahara si ya mamlaka yako. Naomba unisikilize kidogo.

Sheria ya anga ya dunia nzima inampa rubani mkuu neno la mwisho kuhusu ndege yake. Akisema haendi, haendi. Sasa fikiria uko kwenye kiwanja cha murram cha Mara saa kumi na moja na nusu jioni. Wingu jeusi limekaa upande wa Ngong, jua linazama, una abiria tisa wanaotaka kuwahi ndege ya usiku kwenda Ulaya. Simu inalia. Sauti ya upande wa pili ina upole tu: "Kapteni, wewe ndiye unayejua. Lakini wageni hawa ni wa wakala mkubwa." Mimi nilikaa. Wageni walilala kambini, na mwezi uliofuata nikaruka saa chache kuliko mtu yeyote katika kampuni. Safari nyingine, mwaka mwingine, sikukaa. Nilikwenda. Tulifika salama, nami nilipozima injini nilishindwa kutoka kitini kwa dakika kadhaa kwa sababu magoti hayakunitii. Sijawahi kumwambia mtu hilo mpaka leo ninapoliandika.

Rubani anayelipwa kwa saa, mwenye bondi shingoni, asiye na mtu wa kusimama naye, ana neno la mwisho kwenye karatasi tu. Wakaguzi wako wanafungua vitabu vya matengenezo, wanahesabu vizima moto, wanapima saa za kazi na za mapumziko. Wafanye hivyo hivyo kwa bondi na kwa jinsi posho inavyolipwa. Waulize: rubani wa mwisho aliyekataa safari alipangiwa saa ngapi mwezi uliofuata? Jibu litakuwa kwenye rosta, na rosta tayari wanazo.

Nanyi wenye kampuni. Baadhi yenu mlianza kama sisi, na ndege moja ya kukopa. Najua mwezi wa Aprili na Mei mvua zikinyesha kambi hufungwa, na mnawalipa watu kwa pesa mlizopata Julai hadi Oktoba nyumbu wanapovuka. Najua bei ya mafuta. Najua pia kinachowatisha zaidi: kwamba ukimwongezea rubani wako mshahara, jirani yako wa hanga ya pili hataongeza, atashusha bei ya kiti, na wageni watamfuata yeye. Hofu hiyo si ya uongo. Lakini sheria ileile ya 2007 imeiwekea dawa ambayo hapa Wilson hakuna anayeitumia. Kifungu cha 54 kinasema pia kwamba kundi la waajiri, au shirika lao, lazima likitambue chama kwa pamoja iwapo kina zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi zima. Wenye mashamba ya chai walijadiliana hivyo na chama cha wafanyakazi wa mashamba kwa miaka mingi, mkataba mmoja kwa makampuni mengi, na hakuna aliyepata nafasi ya kumpunguzia mchuma chai ili amshinde jirani.

Wilson inaweza. Mkataba mmoja: kima cha chini cha mshahara wa msingi, kiwango kimoja cha bondi kinachopungua kila mwezi badala ya kusimama palepale mpaka siku ya mwisho, bima inayotaja jina la rubani na la warithi wake, standibai inayolipwa. Juu ya hapo shindaneni mtakavyo, kwa ndege nzuri na huduma nzuri. Na kwa upande wetu, wingi wa uwanja mzima ni watu wengi, si wanane. Jina la yule kijana lingepotea ndani ya majina ya wenzake kama inavyostahili.

Tazameni Ryanair ya Ulaya. Kwa zaidi ya miaka 30 ilikataa katakata kuvitambua vyama vya marubani. Septemba 2017 mipango ya likizo za marubani ikavurugika, safari kwa maelfu zikafutwa, na Desemba ya mwaka huo, mgomo wa Krismasi ukiwa mlangoni, ikakubali. Ingekuwa imekubali miaka kumi kabla, ingejadili kwa utulivu. Msingoje Julai moja, kambi zimejaa, ndipo mjue marubani wenu walikuwa na la kusema.

Mheshimiwa Waziri, narudi kwako kwa sababu wewe ndiye mwenye kalamu. Ninaomba utengeneze utaratibu ambapo chama kinachodai wingi katika kampuni ndogo kinapeleka sahihi kwa afisa wa leba, si kwa mwajiri. Afisa apewe orodha ya wafanyakazi na kampuni, alinganishe, na pakiwa na ubishi aitishe kura ya siri, hata kama ni ya watu 14 kwenye chumba kimoja na sanduku moja la kadibodi. Kampuni ipate tarakimu. Majina yafuate baadaye, mkataba wa kutambuliwa ukishatiwa sahihi, pale makato ya ada yanapoanza. Barua ya kujiondoa iliyoletwa na mwajiri kabla ya hapo isihesabiwe mpaka aliyeiandika amekaa na afisa huyo peke yake na kusema ni yake. Na mwenye cheo cha usimamizi apimwe kwa anachokifanya, asipimwe kwa neno lililoandikwa kwenye mkataba wake.

Tukipiga kura hiyo, inawezekana wengine tukashindwa. Labda marubani wa kampuni fulani wanapendwa, wanalipwa vizuri, na watasema hapana. Nitalipokea jibu hilo kwa moyo mweupe, na sitawaandikia tena.

Sijaweka jina langu kwenye barua hii. Bado ninaruka, na rosta ya mwezi ujao haijabandikwa. Lakini ninazo nakala za zile barua tatu zenye neno moja lililokosewa, na nakala za fomu zetu tisa. Nitazileta Social Security House ndani ya bahasha siku yoyote utakayotaja. Ninachoomba ni kwamba anayezipokea awe afisa wako, na kwamba majina ya wenzangu yasitoke nje ya chumba hicho.

Wako mtiifu,
Rubani, Uwanja wa Wilson, Nairobi